Chaki Nyeupe ya Kivukoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposhika chaki. Mzee mmoja aliingia katika banda langu la kazi hapa Kakese, akachukua kipande cha chaki nyeupe kilichokuwa kwenye rafu, akaniuliza kimetoka wapi. Nikamdanganya. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi, maneno machache tu, lakini kwa ajili yake watu wa nyumba nzima walihama wakaliacha kaburi la mama yao.

Najua nyie wenye haraka mtauliza tangu lini nimekuwa mzee wa kutoa nasaha. Sijawa. Nywele zangu bado nyeusi, na bado naogopa kukosea kama nilivyokuwa nikiogopa wakati ule. Lakini nyie mnaokuja bandani kujifunza mmeanza kuniita mama, na mtu akishaitwa mama inampasa aonyeshe mahali alipotumbukia yeye. Basi nitakueleza taratibu. Pale nitakapozungukazunguka, nivumilie. Ni aibu tu, na bado sijaizoea.

Mimi sikusoma sana. Niliishia kidato cha pili baba alipofariki, nikaja kuishi kwa baba yangu mdogo aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Kazi yangu ilikuwa kufagia pumba na kubadilisha oili ya injini. Ile oili chafu tuliimwaga nyuma ya mashine, na kila nilipoimwaga roho iliniuma, kwa sababu nilikuwa mtu wa kutotaka kitu kikae ovyo. Hata ufagio niliuegemeza upande uleule kila siku. Mtu akiusogeza, nilirudi kuuweka sawa akishaondoka.

Kisha nikapata kitabu cha kemia kisicho na jalada, na simu yenye kioo kilichopasuka, nikaanza kusoma na kutazama video kila nilipopata nafasi. Huko ndiko nilikojifunza jambo lililonifanya nisahau chakula: kwamba mafuta yanayochimbwa chini yalikuwa mimea na vijidudu vilivyokufa zamani sana, vikafunikwa na matope, ardhi ikavipika kwa joto lake na udongo wake, polepole, mpaka vikageuka. Tena kwamba wataalamu wa miamba huweza kulipima tone la mafuta na kujua limetoka katika mwamba upi, kwa kuwa humo ndani hubaki chembe ambazo hazipotei hata zikipikwa vipi, kama mtoto anavyobaki na pua ya babu yake. Nilisoma ukurasa ule mpaka ukachanika. Nikajiambia, kama ardhi inapika, na mimi nitajaribu kwa pipa.

Nilichimba udongo wa mfinyanzi pembeni ya majaruba ya mpunga, nikaukausha, nikaukaanga juu ya bati mpaka ukawa mwepesi kama unga. Nikapasha moto oili chafu, nikaikoroga na ule udongo, nikaichuja kwa kitambaa. Uchafu mweusi uling'ang'ania udongo, oili ikatoka ya kahawia kama asali. Haikufaa tena kwa injini, na hilo sikumficha mtu, lakini ilifaa ekseli za mikokoteni, na ilifaa kupakwa kwenye vibao vya kufyatulia matofali. Baadaye nikageukia mawese yanayoletwa kutoka Ikola, kule ziwani. Nayo niliyapitisha kwenye udongo uliokaangwa, yakaacha wekundu wake humo, wanawake wakapata sabuni nyeupe.

Udongo uliokwisha kazi, wa oili na wa mawese, niliutupa katika shimo moja nyuma ya banda, karibu na kijito. Shimo lile nililipima kwa kamba, nikanyoosha kuta zake kwa panga, nikatandika turubai chini. Nililipenda. Wageni wakija niliwapeleka kuliona kama mtu anavyopeleka wageni kuona ng'ombe aliyezaa mapacha.

La mwisho nililojifundisha ni kuyasoma mafuta kwa chaki. Unachukua udongo ulionyonya mafuta, unauosha kwa petroli kidogo, halafu unasimamisha kipande cha chaki ya ubaoni ndani ya ile petroli. Petroli inapanda taratibu ikibeba rangi, na kila rangi inasimama mahali pake. Oili ya injini huacha weusi chini. Mawese hupanda mpaka juu na kuacha mstari wa rangi ya machungwa. Watu walikuja kutazama kama wanatazama sinema. Wakaanza kuniita Mkemia, wengine kwa heshima, wengine kwa utani, na mimi nilichagua kusikia heshima tu.

Masika yakaja, na kisima kikaanza kutoa utando wa mafuta. Kilikuwa kisima cha kuchimbwa kwa mkono kando ya kijito, na karibu kitongoji kizima kilichota pale. Maji yalinuka mashine, na juu yake zikatembea rangi kama za shingo ya njiwa. Wanawake walianza kwa mzaha. Mama Joza, jirani yetu, ambaye ulimi wake ulifika kila mahali kabla ya miguu, alisema siku hiyo hakuna haja ya kuunga mboga, maji yameshaungwa. Tukacheka sote, na mimi nikacheka. Watoto walipoanza kuumwa tumbo, mzaha ukaisha.

Ikatafutwa sababu, na kama ilivyo kawaida yetu, ikatafutwa kwanza kwa mtu aliyekuja mwisho. Mzee Luhende alikuwa Msukuma aliyehamia Kakese na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alikuwa amekaa miaka ya kutosha kulima mpunga, kuoza mabinti na kumzika mama yake mzazi nyuma ya nyumba, lakini bado alipopita watu walisema, "Yule mgeni wa ng'ombe." Mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kusalimia hadi watoto wadogo akiwa amevua kofia. Ng'ombe wake walivuka kijito upande wa juu wa kisima, na kila mtu alijua kwamba aliwapaka oili chafu wale wenye kupe na ukurutu, kama wafugaji wengi wafanyavyo. Hesabu ikawa rahisi: oili iko kwenye ng'ombe, ng'ombe wako kwenye maji.

Mwenyekiti wa kitongoji alituita. Alikuwa mtu asiyependa kelele, akasema kabla ya kumtia mtu hatiani ni vizuri Mkemia apime. Wengine wakapinga, wakataka ng'ombe waondolewe siku hiyohiyo. Mzee Luhende ndiye aliyewatuliza. Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Apime. Huyu binti namjua, mkokoteni wangu haulii tena kwa sababu yake. Hakosei huyu."

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kunisifu namna ile mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimevaa viatu vipya.

Kesho yake nilishona vifuko vitatu vya kitambaa, nikavijaza udongo uliokaangwa ambao haujagusa mafuta, nikaenda kuvitundika majini. Kijito chetu kinashuka kutoka kivukoni kwa ng'ombe, kinapita nyuma ya banda langu, kisha kinafika kisimani. Basi kifuko kimoja nilikiweka kivukoni, kimoja nyuma ya banda, kimoja kisimani. Kile cha katikati, nakuapia, nilikiweka kwa kupenda mambo yaliyokamilika tu. Sikuwa na wasiwasi wowote na shimo langu.

Mzee Luhende alinisindikiza kivukoni. Kamba yangu ilikuwa fupi, haikufika kwenye mzizi wa mti uliokuwa ukingoni. Akafungua kamba ya bluu aliyokuwa amefungia ndama, akaikata kipande, akaniinamia na kufunga kifuko mwenyewe. Akasema sasa ndama wake naye ameingia kwenye kesi. Nikacheka. Ule ndio ulikuwa mwisho wa mimi kucheka naye bila kuona aibu.

Udongo uliponyonya vya kutosha nilivikusanya vifuko, nikafunga mlango wa banda, nikaosha kila udongo kwa petroli yake. Ili nisichanganye, kila chaki niliifunga kwa kamba ya kifuko chake. Chaki ya kivukoni ikavaa ile kamba ya bluu. Nikazisimamisha, nikakaa juu ya debe, nikangoja.

Ya kivukoni ilipandwa na petroli mpaka juu ikabaki nyeupe, nyeupe kabisa, kama imetoka kununuliwa. Mzee alikuwa akipaka ng'ombe wake kwa vidole, masikioni na chini ya mkia, huko zizini mbali na maji, na maji hayakuwa yamebeba chochote chake. Ya nyuma ya banda ikaanza na weusi chini, halafu mstari wa machungwa ukapanda juu, umenyooka vizuri. Ya kisimani ikafanya vilevile, ila hafifu. Katika kitongoji kile hapakuwa na mtu mwingine aliyetupa oili ya injini na mawese mahali pamoja. Rangi zile mbili zilikuwa kama sura yangu.

Nilitoka nikaenda shimoni. Nikachimba kidogo pembeni, nikaona. Maji yalikuwa yamepita chini ya turubai. Nilikuwa nimeamini kwamba udongo ukishashika mafuta hauachii, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa: udongo unapenda maji kuliko unavyopenda mafuta. Mvua ikiuloanisha, unanywa maji na kuyaachia mafuta yaende zake. Kitabu changu hakikuwa na ukurasa huo. Labda kilikuwa nao, ukawa katika zile kurasa zilizong'oka.

Sasa nikueleze nilivyojisikia, maana kosa la shimo si kosa ninalokuonya. Shimo ni bahati mbaya ya mtu anayejifunza. Mimi nilisimama pale, na jambo la kwanza kunijia kichwani halikuwa watoto waliokuwa wakiumwa tumbo, wala Mzee Luhende. Ilikuwa sauti ya Mama Joza. Mtu aliyesoma akikosea, watu husema amekosea. Mimi nikikosea watasema, si tulisema? Miaka yangu ishirini ilikuwa imejengwa juu ya neno moja, hakosei, na nilikuwa nimelipata juzi tu.

Mwenyekiti aliponiuliza, nikamwambia bado. Nataka kurudia ili niwe na uhakika.

Akanisifu kwa umakini wangu.

Nikarudia kweli. Nilishona vifuko vipya, nikakaanga udongo mpya, nikabadilisha petroli, nikabadilisha chaki, nikasogeza kifuko cha katikati juu kidogo, kisha chini kidogo. Jibu lilikuwa lilelile, na kila lilipokuja nililitafutia dosari. Mara udongo haukukauka vizuri, mara chaki ilikuwa na unyevu. Mtu angenichungulia angesema huyu dada anaijua kazi yake. Mimi nilikuwa natafuta jibu lingine na kuuita utafutaji huo umakini.

Wakati nikirudia, kitongoji hakikukaa kuningoja. Wakakubaliana kwamba kivuko kifungwe kwa muda, mpaka Mkemia amalize. Ng'ombe wa Mzee Luhende wakawa wanazungushwa mbali kwenda kunywa. Wake za wanawe waliambiwa wasichote kisimani, wakawa wanakwenda na ndoo hadi upande wa pili wa majaruba, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Walipopita, Mama Joza aliwauliza barabarani kama kwao wanakoga maziwa siku hizi. Watu walicheka. Nilikuwa karibu. Niliinama nikajifanya nafunga kandambili.

Ndipo nikafanya jambo nililodhani ni jema. Jumapili moja, watu wote wakiwa misani, mimi nilijidai naumwa kichwa. Nikauchota udongo wote wa shimoni, nikaupakia kwenye mkokoteni, nikaupeleka kwenye tanuri la matofali la baba mdogo. Nikauweka ndani pamoja na kuni ili mafuta yake yateketee wakati wa kuchoma. Kwaya ilikuwa ikisikika kutoka kanisani, nami nakokota na kukokota, jasho linanitoka, najiambia Mungu anaona narekebisha. Nikalifukia shimo, nikapanda mihogo juu yake. Hata mihogo niliipanda kwa mstari.

Unaona nilikokuwa naelekea? Nilidhani maji yakisafika, mambo yataisha yenyewe. Watasahau, kivuko kitafunguliwa, na neno langu litabaki safi.

Maji yakasafika. Utando ukapungua, harufu ikaondoka, Mama Joza akachota akaonja akatema akaonja tena, akasema sasa haya ni maji ya watu. Kisha akageuka akawaangalia wenzake, akasema kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angesema: "Si mmeona? Ng'ombe wameondolewa, maji yamepona. Tulikuwa tunangoja chaki ya nini?"

Niliposafisha shimo kwa siri, nilimfunga Mzee Luhende kwa mikono yangu mwenyewe. Hata waliokuwa wakimtetea, wakanyamaza. Mwenyekiti akapanga mkutano, na safari hii haukuwa wa kupima. Ulikuwa wa kuamua kama Mzee Luhende na watu wake wabaki kitongojini au watafute pengine.

Kabla ya mkutano huo ndipo mzee alipokuja bandani. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, kama alivyozoea kuniletea. Akakaa juu ya debe langu, akauliza habari za nyumbani, habari za mashine, habari za baba mdogo, moja baada ya nyingine, bila haraka. Halafu akasema, "Binti, kazi yetu ile umefikia wapi?"

"Bado, Mzee. Nataka niwe na uhakika."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema wanawe wanamsumbua wahame kabla hawajafukuzwa, lakini amewaambia wakae, yupo mtu anapima, na mtu mwenyewe si wa kubabaisha. Tena akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake kwa watu wasiomjua. Alisema hivyo kwa kutabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kumpenda mama yake.

Akainuka. Macho yake yakapita kwenye rafu. Zile chaki za kwanza bado zilikuwepo. Zenye rangi nilizifunika kwa gazeti, lakini ile nyeupe niliiacha wazi, kwa kuwa chaki nyeupe haimtishi mtu. Akaichukua. Akaigeuza taratibu vidoleni, kamba yake ikining'inia.

"Na hii," akauliza, "imetoka wapi?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema neno moja tu, kivukoni, na mengine yote yangefuata yenyewe. Nikasema, "Hiyo bado sijaitumia, Mzee."

Alinitazama. Kisha akairudisha mahali pake kwa uangalifu, akailaza kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Akasema asante, mayu, na kwao mayu ni mama, ndivyo wanavyomwita hata binti wanayemheshimu. Akaondoka na kofia yake mkononi.

Asubuhi ya mkutano nyumba ya Luhende ilikuwa wazi, milango imeondolewa. Walikuwa wameondoka alfajiri na ng'ombe, mikokoteni na kuku. Mpunga wao, uliokaribia kuvunwa, ulikuwa umesimama vilevile. Watu waliokuja mkutanoni wakaona hakuna tena cha kuamua. Mmoja akasema mwenye hatia ndiye anayekimbia. Mwenyekiti akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, akawa anataka kufunga mkutano kwa sala.

Nikasimama. Nilikuwa natetemeka mpaka meno. Nilikuwa nimekuja na zile chaki tatu ndani ya khanga. Nikaziweka mezani, nikaeleza ipi ni ya wapi, na rangi ya machungwa inatoka wapi, na shimo lilikuwa wapi kabla ya mihogo. Nilisema vibaya, nikirukaruka, nikianza katikati. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mazuri na hakuna hata moja lililotoka.

Nilikuwa nikiogopa watacheka. Hawakucheka. Mama Joza, ambaye nilimwogopa kuliko wote, alishika mdomo kwa kiganja, kisha akasema polepole, "Na mimi niliyewatania wale mabinti wa watu." Akaketi chini. Baba mdogo hakunitazama. Alitoka nje akasimama jua lote likimpiga. Aibu yangu niliyokuwa nikiitunza peke yangu, sasa nilikuwa nimeigawa kwa kitongoji kizima, na kila mtu alirudi nyumbani na fungu lake.

Mwenyekiti alituma watu wamwombe mzee arudi. Mimi nikapanda bodaboda kumtafuta mwenyewe. Nilimkuta upande wa Sitalike, kwa ndugu yake, karibu na barabara, akichonga miti ya zizi. Wanawe waliponiona walisimama na mashoka mikononi. Akawaambia waendelee na kazi. Mke wake akaniletea kigoda na maji.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye siku ile ya bandani, akainua mkono.

"Hiyo usinieleze. Kamba ilikuwa ya ndama wangu."

Akarudi kuchonga.

"Nilijua palepale," akasema. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mama watoto, binti ameshaona, anajua, kesho atasema. Tukangoja kesho. Kukawa kimya. Tukangoja nyingine."

Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye, mbele ya watu, kwamba chaki yake ni nyeupe. Akaendelea kuchonga kidogo ndipo akajibu.

"Ningesema nini, mayu? Mimi ni mgeni wa ng'ombe. Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu." Akaupuliza mti kuondoa vumbi. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekucheka sana. Ningekutania mpaka uolewe. Halafu tungechukua majembe na wanangu, tukalihamisha shimo lako, jioni tukanywa maziwa. Kosa lako lilikuwa dogo hivyo. Wewe ndiye uliyelilisha likanenepa."

Nilimwomba arudi. Akatikisa kichwa bila hasira. Alisema waliomwondoa kwa mafuta wanaweza kumwondoa tena kwa moshi, na wanawe hawawezi kuishi wakisubiri chaki ya mtu. Mpunga tumvunie, tumpelekee ikiwezekana. Kitu kimoja tu aliomba, na alipokiomba ndipo sauti yake ilipobadilika. Nyasi za pale nyuma ya nyumba zisimfunike mama yake.

Basi nyie mnaonishangaa ninapotoka Jumamosi na jembe na ufagio wakati kazi bandani imejaa, ndiko ninakokwenda. Nalipalilia kaburi la bibi asiyenizaa wala sikumjua. Mama Joza huja mara nyingine na maji ya kumwagilia maua aliyoyapanda yeye. Hatuongei sana tukiwa pale. Mzee hupita mara mojamoja akienda mjini Mpanda, husimama, huvua kofia, hunisalimia kama anavyosalimia watu wote. Hajawahi tena kusema kwamba sikosei. Wala simtaki aseme.

Sasa nisikilize vizuri, maana ndilo lililonifanya niyaseme yote haya. Utakosea. Nakuona unavyofuta meza mara mbilimbili na kurudia vipimo, unanikumbusha mimi, ndiyo maana nakuogopea. Kurudia ni kuzuri pale usipojua. Ukishajua, kurudia ni kujificha, na mtu anayeumia wakati umejificha hana habari kwamba wewe ni mtu makini. Yeye anajua tu kwamba anachota maji mbali. Tena usirekebishe kosa lako gizani ukadhani umemaliza. Ukilifuta kimyakimya, alama yake inabaki juu ya mtu mwingine, na maji yakisafika watamnyooshea kidole yeye. Sema kwanza, halafu ndipo ushike jembe. Sema vibaya, sema ukitetemeka, sema ukianzia katikati, lakini sema siku ileile, wakati mwenzako bado anaweza kukucheka.

Ile chaki bado iko kwenye rafu, na kamba yake ya bluu. Usiifute vumbi, niachie mimi.

Mungu akupe mkono mzuri wa kazi, mwanangu, na akupe na mdomo mwepesi kuliko mkono huo. Akupe majirani watakaokungoja, na asikuache uwangojeshe. Na siku yoyote mtu atakapoinua kitu chako na kukuuliza kimetoka wapi, Mungu akujalie ujibu.